Usimgeuze Bi Pina

Nilipokuwa na miaka minane tulikaa Tottenham, vyumba viwili vya juu katika nyumba ya kupanga, na chumba cha chini, kile chenye dirisha la barabarani, alikaa bibi mmoja wa Kitaliana aliyeniambia kwamba yeye akilala hutoka. Hutoka mwilini. Alinieleza hivyo huku anamenya viazi, kwa sauti ile ile ya mtu anayesema basi limechelewa, na mimi nikamwamini, kwa sababu wakati ule nilikuwa naamini kila kitu. Sasa nina mtoto wangu mwenyewe, ana miezi mitano, na haya nayaandika mchana amelala, kila mistari michache nanyanyuka kwenda kumtazama, kwa hiyo unisamehe msomaji nikirukaruka.

Tulimwita Bi Pina. Jina lake lilikuwa refu kuliko hivyo lakini mama lilimshinda, akalikata, na mwenyewe akalipenda lilivyokatwa. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mtu wa vijiji vya milimani kaskazini kabisa ya Italia, aliyekuja Uingereza kumfuata mume, mume akafa, akabaki. Mama yangu naye alikuja akiwa msichana, kutoka Unguja, baada ya Mapinduzi, baada ya watu kuingia nyumbani kwao alfajiri wakamtoa babu kitandani asionekane tena. Hilo mama halisemi, nimelipata kwa shangazi. Baba alikuwa baharia, tunamwona kwa msimu. Mama akifanya usafi maofisini, na Bi Pina ndiye aliyekaa na mdogo wangu Sudi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na ndiye aliyenipokea nikirudi skuli. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa kibovu, kila mmoja na ubovu wake, na walielewana wao kwa wao kuliko walivyoelewana na Waingereza.

Basi huyu Bi Pina alizaliwa na utando. Nasema ile ngozi nyembamba ya mfuko wa uzazi, alitoka imemfunika kichwa chote kama ushungi. Kwao, alisema, mtoto wa hivyo ana kazi yake, hakuiomba, akikua ataitwa tu. Mara nne kwa mwaka, majira yanapogeuka, katika siku zao za kufunga, mwili unabaki kitandani kama gogo na roho inatoka mdomoni, ndogo, kama panya, inakwenda kondeni kupigana na wachawi. Wema wanashika mabua ya shamari, ule mmea wa harufu tamu kama ya bizari. Wachawi wanashika mabua ya mtama. Wakishinda wema, mavuno yanakuwa mazuri mwaka huo, na watoto wanaoliwa na wachawi, wale wanaokonda ovyo, wanarudishiwa nguvu zao.

Mama aliposikia habari hizi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mtama, Bi Pina? Wa kwetu wanapanda ungo wanaruka juu ya mapaa ya watu, wewe unanambia mabua ya mtama!"

"Ungo kitu gani?"

Mama akautungua ungo wetu ukutani jikoni, akampa. Bi Pina akaugeuza huku na huku, akauweka sakafuni, akautazama na makalio yake mwenyewe akayatazama.

"Wachawi wa kwenu," akasema, "hawali?"

Walikuwa hivyo. Mama hakuamini mambo yale na wala hakuyakataa, alikuwa na yake. Na moja kati ya yake, ambalo lazima nilieleze hapa, ni kwamba hawezi kumwona mtu amelala kifudifudi. Kalelewa hivyo, kwamba kulala kwa tumbo ndiyo kulala kwa watu wa motoni, Mungu hakupendi, na ukimkuta mwenzio yuko hivyo unamgeuza ubavu wa kulia, humwamshi, humsemi, unamgeuza tu na bismillahi yako. Mimi niligeuzwa utoto wangu wote. Baba akirudi safari, jitu zima linakoroma, linageuzwa. Siku moja kwenye bustani ya kaunsili alimgeuza mlevi wa watu aliyelala majanini, mkono mmoja begani na mmoja nyongani, yule mlevi akafumbua jicho moja akasema ahsante, mama, akaendelea na usingizi wake.

Majani yalikuwa yameanza kupukutika Sudi aliposhikwa na kifaduro. Sijui nikielezeje kwa asiyekisikia. Anakohoa mpaka pumzi zinakwisha, kisha anabaki kinywa wazi, uso unakwenda rangi ya zambarau, sisi tunangoja, tunangoja, halafu ndiyo ule mlio wa kuvuta hewa. Hospitali walimweka kidogo wakaturudishia, wakasema dawa amepata, sasa ni kungoja. Mbavu zilihesabika. Mama aliacha kwenda kazini. Bi Pina alipanda ngazi, akasimama kando ya kitanda cha Sudi muda mrefu, akasema, "Huyu wanamla."

Mama hakucheka safari hii. "Bi Pina, mie sina cha kufanya tena. Dua nimesoma nimechoka."

"Mimi nitakwenda," akasema Bi Pina. "Sijakwenda tangu nije nchi hii. Hapa hakuna konde. Lakini nitakwenda."

Kesho yake, Alkhamisi, nilimkuta anatoka upande wa reli, kule ambako shamari huota ovyo kwenye vifusi, ana bua moja amelifunga ndani ya aproni. Akanishika kidevu. Mkono wake ulikuwa baridi na ulinuka ile harufu tamu ya shamari.

"Mwambie mama yako nimelala. Asiniguse. Asinigeuze. Nikigeuzwa, roho ikirudi haipati pa kuingilia. Umesikia? Sema."

Nikasema. Akanisemesha tena. Nikapanda juu, na nilimwambia mama, nilimwambia neno kwa neno, nataka hilo lieleweke, na mama alikuwa anamtikisa Sudi begani akaniambia, "Haya mwanangu, mwache bibi wa watu apumzike."

Saa za alasiri Sudi alikohoa kikohozi kimoja kikubwa, akatapika kamasi, akavuta pumzi, na baada ya hapo akalala. Kulala khasa. Kifua kinapanda kinashuka kama cha mtoto yeyote. Mama alimsikiliza kwa sikio, akamsikiliza tena, akaanza kulia na kucheka, akamimina uji kwenye bakuli aende kumpa Bi Pina habari. Hakukumbuka kitu kingine, alikuwa na furaha, ndivyo ninavyoamini. Nikamfuata mbio ngazini.

Mlango haukufungwa. Bi Pina alikuwa amelala kifudifudi, uso wote umezama kwenye mto, mkono mmoja unaning'inia na lile bua mkononi.

"Mama, kasema asiguswe."

"Kalala kwa tumbo, Zuhura."

"Kasema asigeuzwe, mama, kasema!"

"Pua iko ndani ya mto. Hapumui hivyo mtu."

Akaweka bakuli chini. Nilimwona anarudi nyuma hatua, nilimwona, alitaka kuondoka. Kisha mikono yake ikafanya ilichozoea. Mmoja begani, mmoja nyongani. Bismillahi. Bi Pina akageuka mwepesi, kama hana uzito, akalala ubavu wa kulia vizuri kabisa kama tulivyolala sisi, na macho yakafumbuka. Yakamtazama mama kama mtu anavyotazama ukuta.

"Bi Pina. Sudi kapata nafuu. Bi Pina!"

Mimi nilikuwa natazama mto. Kulikuwa na panya juu ya mto. Mdogo, wa kijivu, alikuwa akizunguka pale uso ulipokuwa, anazunguka, anasimama, ananusa, anazunguka tena. Halafu akashuka akapotea nyuma ya kabati. Mama hakumwona, alikuwa anampangusa Bi Pina mate. Nyumba ile ilikuwa na panya tele, ile na zote za mtaa ule, kila mtu atakwambia. Sijamwambia mama mpaka leo na sitamwambia.

Daktari alisema ni kiharusi. Alikaa na mama kwenye kiti, akamweleza taratibu, kwamba kilimpata usingizini, pengine muda mrefu kabla ya mtu kuingia, kwamba kumgeuza hakukumdhuru, na angeachwa vile, uso kwenye mto, angekufa kwa kukosa hewa. Mama alimshukuru. Kwenye basi akaniambia, bila kunitazama, "Daktari kasema kweli." Vituo viwili vikapita. "Na Bi Pina naye alisema kweli."

Mwili wa Bi Pina uliendelea. Ulimeza ukilishwa kwa kijiko, ulifumba macho taa zikizimwa. Mwenyewe hakuwamo, hilo hata mimi niliona. Tulimwendea kila Jumapili, na Jumapili moja mama akanisimamisha kwenye pazia la kitanda, akaniambia nikiona nesi nikohoe. Akavua koti. Akamshika Bi Pina bega na nyonga, akamgeuza kifudifudi. Akaupanga uso kwenye mto, akauteremsha mkono uning'inie, akarudi nyuma, akarekebisha mguu, akarudi nyuma tena, kama fundi wa picha. Kisha akapiga magoti akaongea naye kile Kiingereza chao.

"Njoo Bi Pina. Mtoto amepona, anakula. Kazi kwisha. Njoo sasa, nimekurudisha kama ulivyokuwa, njoo mama yangu."

Nilisahau kukohoa. Nesi alikuwa mama wa Kijamaika, mwenye nguvu, alimpindua Bi Pina kwa mkono mmoja na mama akamsukuma kwa mwingine.

"Unataka kumuua? Mwanamke wewe, unataka kumuua?"

"Nataka arudi," mama akasema. "Nataka arudi tu."

Hawakuturuhusu tena. Bi Pina alikufa kabla ya baridi kwisha, na aliyetuambia ni mwenye nyumba, alipokuja kufungua kile chumba kukipaka rangi.

Sudi alipona. Anaendesha basi sasa, ana kitambi, anakula kama hana kesho, na hajui lolote katika haya, na hakuna atakayemwambia. Na mama tangu siku ile hakumgusa tena aliyelala. Hakutugeuza. Asubuhi akituamsha kutokea mlangoni, anaita tu, anaita mpaka tuamke, mikono ameifungia kwenye kanga. Baba alidhani wamegombana.

Nilikua nikidhani nimeyaacha. Halafu nikajifungua Salma, na Salma akatoka na utando kichwani. Mkunga alifurahi, akaita wenzake waje waone, akasema mtoto wa hivi hazami majini, zamani mabaharia walikuwa wakizinunua hizi ngozi, akaniuliza nataka kuihifadhi? Nikasema tupa. Tupa sasa hivi, nikasema. Nilipompigia mama simu nikamwambia, aliniuliza kama nimeitupa kweli.

Kliniki wanatuambia tuwalaze chali. Namlaza chali. Lakini amejifunza kujipindua, anajipindua mwenyewe, anapenda tumbo.

Wiki iliyopita mama alikuja kututembelea. Niko bafuni nafua, nikasikia jina langu, chini kwa chini, si sauti ya kuita. Nikatoka na mapovu mikononi. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma. Salma alikuwa kifudifudi, uso umezama kwenye godoro.

"Mgeuze wewe," mama akasema. "Mie siwezi. Tangu saa ile nimesimama hapa, siwezi."

Nikamgeuza. Sikufikiri, na kama ningefikiri sijui. Alikuwa laini, mzito, mikono imeanguka huku na huku, macho yakafumbuka yakapita juu yangu yakaenda kwenye dari. Hapo, katika kile kitambo, nilikuwa na miaka minane. Kisha akakunja uso akalia.

Mama hakuuliza kama ni mzima. Alisogea, akamtazama machoni, muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ndiye?"

"Ndiye, mama."

Nilijibu haraka mno, na kwa haraka ile mama akajua kwamba na mimi nilikuwa nimejiuliza.

Nilipokuwa mtoto nilidhani la kutisha ni wachawi na mabua yao. Siku hizi wachawi siwafikirii. Namfikiria bibi mzee asiye na mtu, aliyekwenda kumgombea mtoto asiye wake. Namfikiria na mama, ambaye mkono wake haukuwa na kitu ila huruma. Daktari alisema kweli, najua, nimesoma, mtoto akiachwa uso godoroni anakufa. Kwa hiyo mimi namgeuza. Kila mara namgeuza, halafu nakaa kando ya kitanda namwita, jina lake, la baba yake, la babu yake, na la mtaa wetu na namba ya nyumba, polepole, kwa sauti, asije akapotea. Namwita mpaka anigeuzie kichwa.

Mpaka leo, kila mara, amenigeuzia.