Karatasi ya Apiyo

Mwalimu Dorca Adero wa Kaloleni alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na maneno mawili: "Jitahidi zaidi." Alipoanza kufundisha kwaya ya shule ya msingi, kila mwaka alirudi kutoka tamasha la muziki na karatasi ya waamuzi, na kila mwaka karatasi hiyo ilimwambia ajitahidi zaidi. Ajitahidi nini? Watoto wapumue wapi, wafungue mdomo vipi? Hakuna aliyesema. Kwaya yake ilishika mkia miaka mitano mfululizo, naye akawa na karatasi tano za kumweleza kwamba ameshika mkia, kana kwamba hakuwa na macho.

Basi mwaka 1984, alipoitwa naye akae kwenye meza ya waamuzi, aliapa. Kila mtoto atakayeimba mbele yake ataondoka na jambo la kufanya Jumatatu asubuhi. Vuta pumzi kabla ya neno "ziwa", si katikati yake. Weka kidole kwenye kidevu, sema "a" mpaka kidole kishuke. Wenzake walimcheka. Joram, mkuu wa waamuzi, alikuwa bingwa wa kuchekesha ukumbi. Mtoto akipotewa na sauti, yeye husimama na kusema amesikia mbuzi wa Bondo akidai nyasi, na watu huvunjika mbavu.

"Dada, watu wamekuja kufurahi," alimwambia Adero.

"Wafurahie nyimbo," Adero akajibu.

Mwaka 1989 tamasha la wilaya lilifanyika mjini Kisumu, katika ukumbi wa mabati uliokuwa moto tangu saa tatu. Ilikuwa zamu ya wasichana wanaoimba peke yao. Kawaida ni kwamba kabla ya mtoto kuimba, mwalimu wake huwaletea waamuzi nakala ya wimbo. Aliyekuja sasa aliitwa Nicodemus, wa shule moja karibu na Katito, mrefu, mwembamba, tai imemkaba shingo. Alileta nakala, na juu yake karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, hii mtoto ulimsikia mwaka jana," alisema kwa sauti ya chini. "Apiyo. Ulituandikia, na tumefanya vile ulisema, asubuhi na jioni. Leo akipasuka tena hapo kwa mstari wa tatu, mimi namtoa. Nitaweka mwingine. Na yeye anajua."

Adero aliikunjua ile karatasi. "Sauti inapasuka mstari wa tatu. Jitahidi zaidi." Mwandiko ulikuwa wake, sahihi yake.

Aibu ilimpanda mpaka masikio. Alikumbuka siku ile: watoto arobaini na kitu, saa kumi na moja inakaribia, njaa inamkata. Sababu alikuwa nazo, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

Apiyo akapanda jukwaani, msichana wa miaka kumi na miwili, sketi imepigwa pasi ikang'aa, soksi moja fupi kuliko nyingine. Nicodemus akakohoa, akamtolea "do", noti ya kuanzia, kwa mdomo wake. Hapo Adero akainua kichwa. Alikuwa na kichuma cha ncha mbili, kile ambacho ukikigonga hutoa noti moja isiyobadilika. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akatazama nakala. Do ya Nicodemus ilikuwa juu kwa hatua mbili nzima. Mwenyewe ana sauti nyembamba, na woga ulimpandisha zaidi. Mtoto angefanyaje? Aliingia pale alipoanzishiwa.

Mistari miwili ilipita vizuri, sauti nzito, tamu. Wa tatu ukapanda, Apiyo akapanda nao, mishipa ya shingo imesimama, akapasuka. Ukumbi ukacheka. Hakukimbia, mtoto yule. Aliimba mpaka mwisho huku machozi yanamtiririka.

Adero alimpa alama za kile alichokisikia, na zilimweka wa kumi kati ya kumi na mmoja. Hakuwahi kuongeza alama kwa huruma, na hakuanza siku hiyo. Lakini maoni ya waamuzi husemwa hadharani, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Akisema kweli yote, angemvua nguo mwalimu mwenzake mbele ya wanafunzi wake. Akinyamaza, Apiyo angetolewa kwa kosa lisilo lake.

"Dakika mbili, dada," Joram alimnong'oneza. "Sema alipanda mti akakosa tawi, tuendelee."

Adero akasimama. "Namtaka Apiyo mbele, na mwalimu wake."

Joram akagonga saa yake kwa kidole.

"Alama zimefungwa, sizigusi," Adero alisema. "Lakini hapa kuna kosa, na ni langu." Akaisoma ile karatasi ya mwaka jana, neno kwa neno. "Mtoto aliniletea wimbo, nikampa maneno mawili yasiyo na kazi. Mwaka mzima amesukuma sauti kwa sababu yangu. Naandika upya."

Hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia mwamuzi akisema hivyo. Adero akakigonga kichuma na kukisimamisha kwa mpini juu ya meza, nayo meza ikavuma. "Do ni hii. Mwalimu, mtolee."

Nicodemus alisikiliza, mdomo wazi. Kisha akaitoa, chini, polepole, na uso wake ukabadilika.

"Nyathina, mwanangu," Adero alimwambia msichana, "nguvu nusu tu. Anza mstari wa tatu."

Mstari ukapanda, Apiyo akapanda nao, akafika juu na kukaa pale kama aliyefika kwao. Hakuna aliyecheka. Joram alisahau kidole chake juu ya saa.

Adero aliyakata yale maneno mawili kwa wino, akaandika chini yake: "Anzia chini. Sauti yako ni nzito, usiiogope." Akatia sahihi na tarehe.

Wakati wa chai Nicodemus alimngoja nje, tai mkononi.

"Mwalimu, kosa haikuwa yako."

"Nusu ilikuwa yangu."

"Na hiyo nusu ingine?"

Adero alimtazama. Mbele ya watu alimfichia; hapa hakuona sababu. "Ni yako."

Nicodemus aliinamisha kichwa. Kando ya bomba la maji Apiyo alikuwa anakula mandazi na wenzake, akiimba chinichini mstari wa tatu kati ya tonge na tonge.

"Basi na mimi niandikie," Nicodemus alisema. "Jumatatu nifanye nini?"

Adero akafungua mkoba, akamwekea kile kichuma kiganjani. Hakuwa na kingine.

"Kabla hujafungua mdomo wako, gonga hiki."

Nicodemus akakigonga gotini hapo hapo, akakiweka sikioni, akamwita Apiyo.