Kondoo Aliyekula Makangaga

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha uzee huu nikiwa bado na kumbukumbu. Harufu ya makangaga yaliyokatwa, yale magugu yenye majani kama manyoya ya ndege, hunirudisha kwenye kiangazi nilichokaa na Bibi mteremkoni mwa Mlima Meru, mama akimuuguza mdogo wangu hospitalini mjini. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi alishinda kwenye shamba la kahawa, nami nilishinda na kondoo wetu mmoja jike. Nilimweleza kila kitu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kunisikiliza.

Kazi yangu ilikuwa kumkatia nyasi ng'ambo ya korongo. Kule kulikuwa kimya mno, nikaogopa. Basi nikawa nakata makangaga ya ukingoni upande wetu, mabichi hata wakati wa jua kali, na jioni namwambia Bibi nimetoka ng'ambo. Wiki zikapita. Asubuhi moja nilimkuta kondoo ameinua kichwa, shingo imekakamaa, macho wazi lakini haoni. Alijigonga kwenye nguzo ya banda.

"Kondoo wenu ameokoka," jirani akatania. "Ona anavyotazama mbinguni."

Bibi hakucheka. Alimwita bwana mifugo, naye akamshika taya, akauliza, "Huyu amekula nini?"

"Nyasi za ng'ambo. Mjukuu wangu ndiye anayekata."

Wakanitazama. Nilijua nikinyamaza kondoo atakufa, na nikisema Bibi hataniamini tena.

"Makangaga," nikasema. "Kule ng'ambo naogopa."

Bwana mifugo alitueleza kwamba makangaga yana sumu inayoharibu vitamini B1 tumboni mwa kondoo, na ubongo ukiikosa huvimba, macho yakazima. Alimchoma sindano za vitamini hiyo siku tatu. Siku ya nne kondoo alikula mkononi mwangu, ingawa jicho moja halikuona tena.

Bibi alisema tu, "Kumbe ulikuwa unaogopa. Mbona hukuniambia, mama?" Kesho yake tulivuka korongo pamoja, na tukafanya hivyo hadi mama aliporudi.

Sasa naishi mjini, Lemara. Vitamini ile inauzwa duka la mifugo, hatua chache kutoka kwangu, na wajukuu wangu wanazijua sumu ambazo sisi hatukuwahi kuzisikia. Hata hivyo wanapokuja hukaa kimya sebuleni, kila mmoja na simu yake, nami siwezi kujua nani kati yao ana hofu moyoni.

Wewe unayesoma, Bwana akujalie mtu wa kumwambia unachokiogopa, kabla hakijamdhuru asiye na kosa.