Kipande cha tano cha mkole

Newala. Saa moja asubuhi kijijini Kitangari, Awadhi Nandonde ameketi kwenye kigoda, mguu wake ukikandamiza ncha ya kipande cha mti kinacholingana naye kwa urefu. Anachovya kitambaa kwenye kikombe cha maji, anaupangusa mti kutoka ncha hadi ncha, kisha anasubiri.

Maji yanakauka. Penye ufa hubaki mstari mweusi, kwa sababu ufa huchelewa kuachia unyevu. Leo mstari upo. Ni mwembamba kama uzi, unaanzia kwenye kifundo, pale tawi lilipoota zamani, na kushuka vidole vinne.

"Jana ulikuwa vidole vitatu," anasema. "Au sikutazama vizuri. Macho nayo yamechoka."

Awadhi ana miaka 61 na ametengeneza pinde tangu mwaka 1989. Wateja wake ni walinzi wa usiku na vikundi vya ngoma. Mwaka jana aliuza pinde kumi na moja kwa Sh25,000 kila mmoja. Chakula kinatoka kwenye ekari mbili za mikorosho na mihogo. Pinde zinanunua maji, ambayo kiangazi hufika Sh500 kwa ndoo.

Upinde huu ni wa Dominika Mmuni, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Chiwata, kitakachocheza Jumamosi. Ukifaa, kikundi kitaagiza nane. Usipofaa, wote watacheza na pinde za bomba la plastiki, ambazo fundi mmoja wa Masasi huuza kwa Sh8,000.

Awadhi alikata vipande vitano vya mti wa mkole ili apate kimoja kizuri. Kwa kawaida mti hukaa kivulini miezi minane. Safari hii alikuwa na wiki sita, akavipandisha darini juu ya jiko na kuchochea moto kwa maganda ya korosho.

Maganda ya korosho yana mafuta na moto wake ni mkali. Mti ulikauka nje, ndani ukabaki mbichi. Vipande vinne vikapasuka.

"Kila mtu hapa anajua maganda hayo hayakaushii mti," anasema mkewe, Ziada, akimenya mihogo mlangoni. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Nilijua," Awadhi anajibu. "Nilikuwa na haraka."

Kilichosalia ndicho chenye kifundo. Awadhi hakichongi kifundo kiwe sawa na sehemu nyingine ya mti. Nyuzi za mti hukipita pembeni, na akizikata, upinde utavunjikia hapo. Huacha unene wa ziada kukizunguka, hivyo upinde una nundu. Ufa unaofuata nyuzi anaweza kuufunga kwa kamba. Unaozikata hauna dawa.

Saa tatu Dominika anafika kwa bodaboda.

"Shikamoo, Baba Shamila," anamwamkia Awadhi.

"Marahaba, mwanangu."

"Bado umeukumbatia tu? Au umeuoa?"

"Ungekuwa mke ungeshanijibu."

"Mimi nakujibu kila siku," Ziada anadakia. "Wewe husikii."

Dominika anacheka, kisha anautazama upinde. "Mbona una nundu?"

"Nundu ndiyo inayoushika."

Awadhi anafunga kamba na kuuweka upinde kwenye ubao wenye mapengo sita ya kupimia mvuto. Anavuta kamba hadi pengo la kwanza na kuachia, mara kumi. La pili. La tatu. Kila mara anatazama kama mikono miwili ya upinde inapinda sawasawa, na anakwangua kidogo upande ulio mgumu.

Kwenye pengo la nne unasikika mlio mdogo, kama wa ukucha.

Awadhi anafungua kamba, anapangusa mti kwa maji na kusubiri. Mstari sasa una vidole saba, na mwishoni umekata kona, ukivuka nyuzi kuelekea ukingoni.

"Funga kamba hapo, paka rangi," anasema Dominika. "Nani ataona? Ni ngoma tu, hatuendi kuwinda."

"Anayecheza nao anauvuta?"

"Anavuta."

"Mpaka wapi?"

Dominika anagusa sikio lake.

"Basi utamkatikia usoni."

Awadhi anachukua msumeno na kukata mti chini ya kifundo. Kazi ya siku tisa inaisha kwa chini ya dakika moja. Ziada anaacha kumenya, anaokota vipande viwili na kuvipeleka jikoni.

Dominika anamwita dereva wake. "Nakwenda Masasi, Baba Shamila. Nisilaumiwe."

"Hakuna wa kukulaumu. Angalia tu wasikuuzie bomba lililochakaa kwa jua."

"Na mwakani?"

"Mwakani uje uuvute upinde mwenyewe."

"Nitaona," anajibu Dominika, na pikipiki inaondoka.

Awadhi ananyoosha goti lake, ambalo humuuma kila akikaa muda mrefu. Wiki ijayo, anasema, atakata mikole kumi badala ya mitano, na kuchagua isiyo na matawi ya chini. Atapaka nta kwenye ncha zote mbili ili unyevu usitoke kwa haraka, kisha atailaza chumbani, mbali na jiko, hadi Juni.

Na Dominika asiporudi?

"Hajasema atarudi," anasema Awadhi. "Lakini Juni mti utakuwa umekauka. Mwaka huu nilikuwa na mteja, sikuwa na mti."