Kesi ya Kidari

Mimi ni mtu wa bucha. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia niliwahi kushtakiwa kwa kumjeruhi ndugu yangu kwa kisu, halafu wakaijua kazi yangu, hutikisa kichwa kana kwamba hukumu imeshasomwa. Hata askari aliyekuja kunikamata alisema kwa mtu kama mimi kukata ni mazoea. Nikamwambia kama ni mazoea basi angekuta maiti, siyo mtu mzima anayepiga kelele kwa sababu ya mkono. Jibu lile halikunisaidia chochote, nikalala mahabusu.

Bucha niliifungua Bomang'ombe, karibu na stendi, baada ya kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi mjini Moshi kuuzwa na sisi kupunguzwa. Wenzangu wengi walirudi kwenye kahawa, na kahawa yenyewe ilikuwa imeshakufa bei. Mimi nilinunua gogo, mizani na visu. Miaka michache baadaye mabasi ya Arusha yalikuwa yakisimama abiria wanateremka kununua kwangu, na watoto wangu wote walikuwa shuleni. Sijisifu, au tuseme najisifu kidogo.

Nyumbani ni Machame. Kila Krismasi ukoo hurudi, na baada ya ibada tunachinja mgombani. Kazi ya kugawa nyama ilikuwa yangu, na asiyetoka kwetu asidhani ni kazi ya mizani. Ng'ombe wa ukoo hagawiwi kwa kilo. Kila kipande kina mwenyewe, kuna cha wanawake, kuna cha mashemeji, na kidari, ile nyama ya kifuani yenye mafuta yake, kwetu ni cha mkubwa wa ukoo. Mchagga utamkosesha kadi ya harusi akasamehe, lakini ukimkosesha sehemu yake ya nyama atakuja kulisema hilo kwenye mazishi yako.

Mwaka ule baba mkubwa alikuwa ametutoka, baba yangu alishatangulia zamani, na mkubwa aliyebaki alikuwa baba mdogo. Mimi sikuona utata wowote. Lakini baba mkubwa aliacha kijana wake wa kwanza, kaka yangu huyu ninayemzungumzia, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari Dar es Salaam na aliyepanda mlima siku ile na gari jeupe lililotoka Japani. Yeye aliamua kwamba kiti cha baba yake ni chake na kidari pia. Hakuna kikao kilichomteua, alijiteua mwenyewe njiani.

Alinikuta nimeinama juu ya majani ya migomba nakitenga kidari na mbavu. Akauliza cha nani. Nikamwambia ni cha baba mdogo. Alikuwa ameshakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na juu ya mbege bia, akainama akakikamata na kukivuta wakati kisu changu bado kimo kwenye gegedu. Nyama ikamfuata, kisu nacho kikaifuata nyama, kikampasua juu ya kifundo cha mkono. Damu ilikuwa nyingi kwa sababu damu ya mlevi haina haya. Tulimfunga kanga, akapakiwa kwenye gari lake, nami nikaendelea kugawa kwa sababu watu walikuwa wanasubiri.

Kumbe alipitia kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, kabla ya kwenda hospitali. Huko alieleza kwamba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kata ya mbege mkononi, anaongea na watu kwa amani, mara mimi nikatoka kwenye nyama nikamfuata na kisu kwa chuki za siku nyingi. Ndiyo maelezo yaliyosomwa mahakama ya mwanzo nilipofikishwa. Shambulio la kudhuru mwili, kwa kutumia kisu. Kisu chenyewe, kile nilichokipenda kuliko vyote, kilikuwa mezani kimefungwa kikaratasi.

Nilikana shtaka. Shemeji yangu akanidhamini, nikarudi kufungua bucha, na hapo ndipo nilipouona uzito wa jambo lenyewe. Wateja walipungua. Waliobaki walisimama mbali na meza, wananionyesha nyama kwa kidevu, na nikiinua kisu wanarudi nyuma. Nikifungwa, bucha ingekufa, na ningetoka jela nikiwa mtu ambaye hakuna anayetaka kumwona ameshika kisu. Kazi nyingine sikuwa nayo wala sikuitaka. Niliogopa, na hasira zikanizidi kwa sababu niliogopa.

Nikapanda Machame kutafuta mashahidi, maana mgombani palikuwa pamejaa watu. Ajabu, hakuna aliyeona. Mmoja alikuwa anakata kuni, mwingine alikuwa amegeuka. Baba mdogo alinikaribisha vizuri, akaitikia shikamoo yangu, kisha akanieleza kwa upole kwamba mambo ya ukoo hayapelekwi serikalini na yeye hawezi kusimama upande mmoja wa watoto wake. Kidari alikila, lakini ushahidi hakuutoa.

Wakili haruhusiwi mahakama ya mwanzo, kwa hiyo ningejitetea mwenyewe. Jioni moja nilikuwa nafanya mazoezi ya maswali jikoni, namuuliza mke wangu kisu kilikuwa mkono gani na mimi nilisimama wapi. Akaniacha nimalize, huku anamenya ndizi.

"Kisu usimuulize," akasema. "Kisu amekariri. Muulize nyama. Huyo kaka yako anaweza kudanganya juu ya kila kitu, ila mahali alipodhulumiwa nyama hawezi kunyamaza."

Siku ya kesi kaka alikuja na suti, mkono umefungwa bandeji nyeupe japo kidonda kilikuwa kimeshapona. Nyuma yake alikaa mama yake, mama mkubwa wangu aliyenilisha utotoni, na hakunitazama. Kaka alitoa ushahidi wake wa kigoda bila kukwama hata neno. Hakimu aliandika yote, pembeni wazee wa baraza wakisikiliza, kisha akaniuliza kama nina maswali.

Nilisimama. Nikamuuliza kaka, "Kidari siku ile alipewa nani?"

Hakimu akainua kalamu akataka kujua swali hilo linahusiana nini na kesi. Kabla sijajibu, mmoja wa wazee wa baraza, mtu wa Machame kwa lafudhi yake, akasogea mbele kwenye kiti na kusema, "Mheshimiwa, mwache aulize." Nikajua huyu naye ana kidari chake mahali.

"Alipewa baba mdogo," kaka akajibu. "Kinyume na haki."

"Haki ilikuwa ya nani?"

"Yangu mimi. Mimi ndiye niliyeachiwa nyumba na baba."

"Kama kilikuwa chako, mbona hukukichukua? Ulikaa tu kwenye kigoda unatazama?"

"Nikae nitazame?" Uso ulikuwa umembadilika. "Nilikishika kwa mikono yangu yote miwili nikakivuta, na wewe ukaendelea kukata kama vile hunioni."

Hakimu akamuuliza taratibu kama ana maana nyama ilikuwa inakatwa wakati yeye ameishika. Kaka akasema ndiyo, mheshimiwa, na kwamba ningemwachia asingeumia. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Hakimu akarudisha kurasa nyuma, akamsomea habari za kigoda na kata ya mbege, akamuuliza kata ilishikwa na mkono wa tatu? Mzee wa baraza akakohoa kwa muda mrefu sana.

Nilikaa chini bila swali lingine. Mtu akishajikaanga, humwongezei mafuta.

Hukumu ilikuja baadaye. Hakimu alisema mlalamikaji mwenyewe ameonyesha kwamba aliingiza mikono penye kisu kinachofanya kazi yake, na kwamba sina hatia. Nilimwomba arudie. Akarudia, huku anatabasamu, mke wangu akapiga kigelegele mpaka karani akaja kumtoa nje. Nikatoka nimeinua kichwa. Furaha ile sijapata nyingine ya kuifananisha nayo, na harusi yangu naihesabu humo.

Asubuhi iliyofuata nilifungua bucha mapema. Watu walikuja, wengi wao kusikia habari, na niliwahadithia kwa kilo na kwa nusu kilo. Lakini bado walisimama nyuma, mbali na meza. Ndipo mama mkubwa akaingia, mzazi wa aliyenishtaki, na kikapu chake. Watu wakampisha. Nikamwambia shikamoo, akaitika, akaja moja kwa moja mpaka kwenye gogo.

"Nikatie hapa, mwanangu," akasema.

Akaweka kidole juu ya nyama kunionyesha mahali, na nilipoinua kisu hakukiondoa kidole.