Chale za Chini ya Mbavu

Mpimaji afya wa vijana wanaoomba kujiunga na jeshi pale Kiomboi alikuwa na mikono mikubwa ya mkulima, na kabla ya kumgusa mtu aliisugua kwanza ipate joto. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini, "Uliwahi kuugua nini?" Zamani swali hilo lilijibiwa na baba, aliyekuja na mwanawe kutoka kijijini na kutaja kila ugonjwa bila haya. Tangu lije hili soko huria, ambamo kila kitu kinauzwa, vijana walikuja peke yao na vyeti vya afya vya kununua, wakijibu wote, "Sijawahi kuugua, daktari."

Siku ile Elisha wa Kinampanda alijibu, "Nina kifafa. Mara ya mwisho nilianguka mwaka jana." Foleni nzima ikaangua kicheko. "Mshamba huyo! Kajifukuza mwenyewe!" Mpimaji alijua kifafa na bunduki havikai pamoja, ikambidi amkatae. Lakini kicheko kile kilimchoma. Mtu anachekwa kwa kusema kweli! Alimgeukia kijana aliyecheka kuliko wote, ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumpitisha asubuhi na sasa alikuwa akisubiri pembeni, akampandisha shati na kubonyeza chale zilizokuwa chini ya mbavu zake za kushoto.

"Na hizi?"

"Za urembo tu, daktari."

Mpimaji akapandisha shati lake mwenyewe. Zake zilikuwa palepale, alizochanjwa na bibi yake kama tiba alipovimba bandama utotoni.

"Urembo, eh? Elisha mwanangu, nenda salama, umenisaidia. Nyinyi wengine, vueni mashati. Tunaanza upya."