Siku Baruti Ilipoangusha Mpira Mweusi

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, meza ya biliadi katika baa ya Mama Odia imezungukwa na watu mpaka hakuna pa kuweka kiwiko, na mimi nimesimama pembeni yake na kipande cha chaki mkononi, mwamuzi wa fainali, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua kama zitaota.

Sasa umekuja wewe kuniomba nikuachie kazi ya kusimamia ligi yetu, na kamati imekukubali. Mimi pia nimekukubali. Ila kabla hujaanza, kaa kidogo nikueleze siku ile. Sikusoma sana, hilo unalijua. Nina tabia ya kuandika mambo yangu jioni, na asubuhi nikiyasoma najiuliza kama kweli yalikuwa hivyo au nimejipendelea. Mengi nimeyafuta. Hili nimelisoma asubuhi nyingi na sijaona pa kufuta.

Ligi wakati ule ilikuwa kama ilivyo leo: baa yenye meza inaunda timu, na timu zinatembeleana. Sisi wa Kolwezi tulikwenda Fungurume kwa malori, wao wakaja kwetu. Wa Kasaji walikuja kwa treni, siku ambayo treni ilikubali. Na kila meza ilikuwa na tabia yake, maana sakafu za baa zetu hazikumwagwa na fundi wa biliadi. Ya Mama Odia ilielemea upande wa choo. Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya kupima meza, na wewe umeikuta. Kabla ya mechi, kapteni mgeni anachukua mpira mweupe, anausukuma polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Ukienda sawa, anaitika kwa kichwa. Ukipinda, tunainua mguu wa meza na kuweka kipande cha bati chini yake, mpaka mgeni aseme basi. Mwenyeji haruhusiwi kupima meza yake mwenyewe. Shika hilo, tutalirudia.

Halafu kulikuwa na baruti. Mtaa wetu uko karibu na shimo la mgodi, kwa hiyo mchana king'ora kinalia, watu wanangoja, na baadaye ardhi inaruka. Chupa zinagongana, vumbi la mabati ya paa linatua juu ya kitambaa cha meza, kisha maisha yanaendelea. Watoto wetu hawainui hata kichwa. Wa Kasaji, mara yao ya kwanza, kapteni wao aliingia chini ya meza na fimbo yake, tukamcheka msimu mzima. Kwa ajili ya baruti kanuni zetu zilikuwa na mstari mmoja: king'ora kikilia, mchezaji anaweka fimbo na anasimama mbali, na baada ya baruti mchezo unaendelea na mipira pale ilipo. Ilitutosha, maana mipira ilikuwa ikitikisika tu mahali pake.

Siku ile ya fainali ilikuwa Kolwezi na Fungurume, na haikuwa fainali ya raha. Msimu uliotangulia Fungurume walisema wameibiwa kwetu. Mimi sikuwepo, siwezi kusema ndiyo wala hapana. Lakini kapteni wao, Tata Ngoy, maana tata ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu, dereva wa malori, mtu mrefu wa maneno machache, alimwendea rais wa ligi, Tata Mutombo, kabla mpira wa kwanza haujapigwa, akamwambia mbele ya watu kwamba wakiibiwa tena hawatarudi. Wataunda ligi yao na Kasaji, na sisi tubaki na meza zetu. Hakutisha, alieleza tu. Na tulijua maana yake. Fungurume wakiondoka, Kasaji wanawafuata, na ligi inabaki baa za mtaa mmoja, watu walewale wanashindana na walewale mpaka wanachokana.

Jambo la pili, mchezaji wa Kolwezi alikuwa yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, Kalenga. Baba alipofariki, Kalenga ndiye aliyenilea. Nililala nyumbani kwake, nilikula chakula cha mkewe. Nilimwomba Tata Mutombo aweke mwamuzi mwingine, akasema wengine wote wana ndugu au deni, na kwamba mimi angalau najulikana kwa kuogopa kukosea. Sikujua kama ni sifa. Mpaka leo sijui.

Walicheza, wakalingana, tukafika mchezo wa mwisho. Wewe unajua, lakini niseme kwa atakayesoma na hajui: kila mchezaji anamaliza kwanza mipira yake, ndipo anapiga mweusi. Mweusi ukitumbukia katika zamu yako kabla hujamaliza yako, umeshindwa. Kalenga alikuwa amemaliza yake yote. Alipiga mweusi, ukaenda ukasimama kwenye mdomo wa tundu la kona, ukakataa kuingia. Zamu ikawa ya Ngoy. Alikuwa amebakiza mpira mmoja, mbali, umebana ukingo. Akiupata, mweusi ni wake. Akiukosa, Kalenga anaupulizia tu.

Ngoy akainama. King'ora kikalia.

Akaweka fimbo juu ya kiti, akarudi nyuma, mikono mgongoni. Kalenga naye akarudi. Tukangoja. Baruti ikapiga, na siku ile ilipiga kwa nguvu, mabati yakaimba. Vumbi lilipotua tukasikia mlio mdogo ambao kila mtu pale aliujua. Mweusi ulikuwa umeingia tunduni.

Watu wa Kolwezi wakapiga kelele, wakamnyanyua Kalenga, maana zamu ilikuwa ya Ngoy, mweusi umeingia, na kanuni inasema mipira pale ilipo. Mama mmoja wa Fungurume, aliyekuja na beseni lake la samaki akalisahau, akasema kwa sauti ya kutosha: "Kumbe mine nayo iko mu ekipe yenu. Mungetuambia tu." Hata watu wetu wengine walicheka, kusikia mgodi umeingizwa kwenye timu yetu. Kijana wa kwetu akamjibu kwamba sheria ni sheria, baende basome. Ngoy hakucheka. Alinijia mpaka nikaona vumbi kwenye kope zake.

"Petit, kijana, mi nilisimama kule, mikono ku mugongo. Uliniona nagusa kitu?"

"Hapana, tata."

"Basi sema vile uliona."

Nikaomba nafasi kidogo. Nikatoka nyuma, pale Mama Odia alipopanga makasha ya chupa, na Tata Mutombo akanifuata. Tata Mutombo alikuwa karani mstaafu, wazazi wake walitoka mkoa wa mbali wa Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, na yeye alizaliwa hapahapa. Hakuwa mtu wa kuinua sauti. Akaniuliza nataka kusema nini.

"Nataka kupatia Fungurume, tata. Mchezo wote."

"Juu ya nini?"

"Juu Kalenga ni yaya yangu. Nikimupatia yeye, batasema ni juu ya damu."

Alinitazama kama mtu anayetazama soli ya kiatu kuona imetobokea wapi.

"Unataka kumuiba yaya yako, ili bantu baseme weye uko mutu muzuri," akasema. "Kalenga alikukosea nini? Na Ngoy, unataka kumupatia zawadi ya woga wako? Baruti ndiyo iliangusha mupira. Hakuna kati yabo aliuangusha. Weye unaangalia sura za bantu, meza umeiacha yenyewe mule ndani. Rudia ku meza."

Nikamuuliza: na kanuni je, si imeandikwa? Akasema tuliiandika sisi, na siku ya kuiandika hatukuwaza mpira ulio kwenye mdomo wa tundu. "Sema vile, mbele ya bote. Kusema hatukuwaza, haina haya."

Mwanangu, nilisikia uso unaniwaka. Nilidhani mwenye haki ni yule anayejinyima, na kuwanyima wa kwake pia. Kumbe nilikuwa tayari kumnyang'anya mtu kitu chake, tena mtu aliyenilea, nipate kutembea mtaani bila kunong'onwa. Hakuna aliyeniomba hivyo. Hata Fungurume hawakuomba zawadi, waliomba niseme nilichoona.

Nikarudi. Nikasema kanuni yetu haikuwaza jambo hili, na kosa hilo ni la kamati, si la mchezaji yeyote. Mweusi unarudi mezani, zamu ni ya Ngoy. Kelele zikaanza upya, safari hii kutoka pande zote mbili, na hapo nikajua kidogo kwamba nimelenga vizuri. Lakini zikaja na swali la kweli: unarudi wapi? Kila mtu alikuwa na mahali pake. Mmoja alionyesha mdomoni kabisa mwa tundu, mwingine mbali kabisa, mwingine alikuwa anaonyesha meza akiwa amesimama mahali ambapo hata asingeiona.

Nikaitazama meza. Na nilipoitazama tu, bila kutazama watu, nikakumbuka jinsi ilivyopimwa asubuhi, mgeni akiusukuma mweupe kwa mkono wake na mwenyeji akingoja. Nikautoa mweusi tunduni, nikaufuta vumbi kwa shati, nikampa Ngoy.

"Tata, uweke pale uliuona."

Watu wetu walinung'unika. Yeye ndiye mpinzani. Angeweza kuuweka mbali na tundu, Kalenga ahangaike. Ngoy aliinama, akafunga jicho moja, akauweka. Aliuweka kwenye mdomo wa tundu kabisa, karibu kiasi kwamba wa mbele wakageuza nyuso wasiupumulie. Kwa mkono wake alimwekea Kalenga ushindi, kama yeye atakosa.

Nikamwita Kalenga aangalie. Akaja, akainama upande ule, akainama upande huu. Nilifikiri ataitika tu. Akanyoosha kidole, akauvuta mweusi nyuma, unene wa ukucha.

"Hapana, ndugu yangu," akamwambia Ngoy. "Haikukaribia vile."

Mahali pale hapakuwa na mtu aliyenung'unika tena. Yule mama wa samaki alisema taratibu: eh, basi bapige.

Ngoy akapiga. Mpira wake ulikwenda na ukingo vizuri, ulikwenda kama umefungwa kamba, ukagonga kona ya tundu, ukatoka. Kalenga akapaka chaki, akautumbukiza mweusi bila haraka, na Kolwezi ikashinda.

Niliogopa kumtazama Ngoy. Yeye akamshika Kalenga mkono, akanishika mimi, kisha akamwendea Tata Mutombo. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia.

"Season ya mbele, fainali iko kwetu," akasema. "Mutakuja kupima meza. Na kwetu nako baruti iko. Tutaona iko mu ekipe ya nani."

Tata Mutombo alicheka mpaka akatafuta kitambaa. Na msimu uliofuata tulikwenda, tukala vumbi la barabara, tukapima meza yao, na tulifungwa vibaya. Ligi ikabaki ligi.

Njiani kurudi nyumbani siku ile, Kalenga aliniuliza jambo moja tu, kama niliogopa. Nikasema niliogopa sana. Akasema hata yeye, ila yeye alikuwa na fimbo ya kushikilia.

Kanuni ile kamati iliibadilisha, na ndiyo unayoijua: king'ora kikilia, kila mchezaji anazungushia chaki mpira wa mwenzake ulio karibu na tundu, na mweusi wanauzungushia wote wawili. Nasikia ninyi vijana mnataka kuifuta. Mnasema inachelewesha mchezo, na chaki inachafua kitambaa. Yote mawili ni kweli, sitakataa. Kama mtapata njia bora, ifuateni, nami nitakuja kuitazama. Ila iwe njia ambayo mkono wa mpinzani unalinda haki ya mpinzani, maana nimeona kwa macho yangu watu wanavyonyooka ukiwapa mali ya mwenzao waishike mbele ya wote.

Basi sikiliza, nikuambie wazi. Utaamua mechi za rafiki zako, za mashemeji, za watu waliokununulia kinywaji na za watu waliokutukana. Usimpe ndugu kwa sababu ni ndugu. Hilo kila mtu atakuambia. Mimi nakuongezea lile ambalo wachache watakuambia: usimnyime ndugu kwa sababu ni ndugu. Ukiona moyo unauliza watasema nini, jua macho yako yametoka mezani, uyarudishe. Kanuni isomeke kama ilivyo, na siku itakapokutana na jambo ambalo haikuliwaza, sema haikuliwaza, kwa sauti, wala usijifiche nyuma yake. Na aliyeshindwa mwache aende akijua kilichomshinda ni mpira wake mwenyewe. Huyo atarudi.

Sina shaka na wewe. Nina shaka na mambo mengi, pamoja na maandishi yangu, lakini nimekutazama ukipima meza za wenzako na najua unaweza. Mungu akupe jicho lisilohama na mkono uliotulia, hata pale ardhi yenyewe inaporuka chini ya miguu yako. Na wageni wako wote, wakifungwa au wakifunga, warudi makwao wakiulizana lini wanakuja tena.