Siku Niliyowapondea Wakwe Viazi

Nina aibu, tena ya kujitakia, na mume wangu akitaka kunishinda neno lolote hadi leo huniuliza tu, "Viazi vipi?" nami natafuta kazi nyingine ya kufanya. Basi kabla hajawasimulia kwa mdomo wake, afadhali niwaambie mwenyewe.

Wakati ule tulikuwa tunasoma kisomo cha watu wazima, jioni jioni, kwenye ghala la pamba la kijiji, na tulipokwisha kujua kusoma tukapewa na somo la upishi. Mwalimu akatufundisha chakula cha kuku wa kuoka na viazi ulaya vya kuponda, unatia maziwa na siagi vinakuwa laini kabisa, nami nikaandika kila kitu kwenye daftari isipokuwa namna ya kuponda, maana nilijiambia, mimi Msukuma niliyetwanga mtama tangu nina meno ya utoto, nifundishwe kuponda?

Ndipo ikaja habari kwamba Mzee Masunga wa kijiji cha pili anakuja na mshenga wake kumposea kijana wake binti yetu Minza. Kijana nilimtaka (anasali, pombe hagusi), na Minza ndiyo usiseme, alikuwa anaimba hata akichota maji. Tatizo ni mzee. Alikuwa anajulikana kwa kuchagua, nyumba mbili alikwisha kuzikataa, moja kwa sababu tu uwanja haukufagiwa vizuri.

Mtu mwenye akili zake angesonga ugali. Minza mwenyewe aliniambia, "Mama, wazee wale watataka ugali."

"Ugali wanao kwao," nikamjibu. "Waache waone nyumba iliyosoma."

Mungu anisamehe, neno hilo ndilo lililoniponza.

Viazi alinitafutia shemeji yangu kule Malampaka, vilikoshushwa na treni. Siagi duka la kijiji halikuwa nayo (hata sabuni halikuwa nayo), nikatia samli. Viazi vikaiva, nikavimimina kwenye kinu, nikashika mchi. Sasa mnaovijua viazi ulaya mmeanza kucheka, lakini mimi sikujua kwamba vile ni vya kuponda polepole kwa mwiko, ukivitwanga vinageuka gundi. Kadiri vilivyonata ndivyo nilivyozidi kutwanga, nikidhani bado havijalainika, mpaka nikiinua mchi unakuja na kinu chake.

Kuku nilimwoka mzima kwenye sufuria, makaa juu ya mfuniko, kama daftari lilivyosema. Kwetu kuku hukatwa vipande na firigisi huwekwa juu kabisa, mgeni mkubwa aione kabla ya kitu kingine, asipoiona amedharauliwa, na mwanamke haigusi. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, ndiyo maana nilipoitoa humo sufuriani niliiweka peke yake kwenye kibakuli. Lakini mwalimu alisema mpishi lazima aonje chumvi, na kuku mzima ningemwonjaje bila kumtoboa? Nikakata kipande cha firigisi, kidogo tu. Hakikunipa jibu. Nikakata kingine. Nilipokuja kupata uhakika wa chumvi, kibakuli kilikuwa kitupu.

Nikajipa moyo: kuku ni mzima, nani atajua?

Wazee wakafika, wakaniamkia mama wa nyumba, nami nikaitikia. "Mwadila, mayu." "Mwadila, baba." Nikapiga magoti nikawanawisha, nikaleta chakula. Mzee Masunga akamtazama yule kuku aliyelala chali miguu juu, kisha akamgeukia mume wangu.

"Huyu alikuwa mgonjwa?"

"Hapana," akasema mume wangu. "Kasomeshwa."

Nikaambiwa niombe. Jamani, niliomba. Nikaombea mvua, nikaombea pamba, viongozi wa kijiji, wasafiri, vijana wanaotaka kuoana (kusema kweli nilikuwa najionyesha), na muda wote huo viazi vinapoa na kukaza. Tulipoitikia amina, mzee akanyoosha mkono amege kama anavyomega ugali. Tonge halikukatika. Likavutika. Akainua mkono, viazi vikamfuata mpaka kidevuni, mshenga akamshika kumsaidia naye akanaswa. Mume wangu akainua macho akawa anakagua nyasi za paa.

"Mayu," mzee akasema taratibu, "hiki kinaliwa, au ni cha kukandikia ukuta?"

"Kinaliwa, baba. Ni chakula cha kisomo."

"Haya. Nipe firigisi basi, nishushie."

Pale mlangoni alikuwa amelala paka wetu, mwizi anayejulikana kitongoji kizima, ningemsingizia wala hakuna ambaye angeshangaa. Lakini nilikuwa nimetoka kumwomba Mungu aketi pamoja nasi, sasa nidanganye ameketi hapo hapo?

"Nimeila mimi, baba. Nilikuwa naonja chumvi."

Mshenga akaacha kujinasua.

"Yote?" mzee akauliza.

"Yote."

"Na chumvi ikoje?"

"Imetosha."

Mzee akaomba maji ya kunawa, akatafuta fimbo yake, nikajua nimemkosesha mwanangu mume kwa ajili ya firigisi. Ndipo Minza akaingia na ugali wa mtama na mboga ya majani makavu ya kunde iliyoungwa karanga. Alikuwa ameupika kwa jirani bila kuniambia, tangu alipoona kinu kinainuka. Akapiga magoti, akaweka chini, akatoka. Mzee akasimama kidogo. Akakaa. Akala mpaka akafuta bakuli, na kuku wangu akamvunja kwa mikono, akamla pia.

"Binti nimemwona," akamwambia mume wangu. "Na mama yake nimemsikia. Aliyekubali kosa kama lile mbele ya wakwe hatatuficha mengine. Nina sharti moja. Kwangu, mama huyu asiingie jikoni."

Mume wangu akakubali kabla sentensi haijaisha, wala hakuniuliza.

Wameoana. Minza alipojifungua nilikwenda, na ninyi mnajua mzazi hupikiwa uji na mama yake, lakini Mzee Masunga aliweka kigoda mlangoni mwa jiko akakaa na fimbo yake. "Mayu, wewe ogesha mtoto tu." Nikaogesha mtoto. Tangu siku hiyo nimeapa, mgeni akija kwangu ni ugali, na anayetaka kujua kama nimesoma aje Jumapili kanisani, anisikie nikisoma waraka.